Chai Tuliyokunywa Tukipeana Mgongo

Mama mkwe wangu alikuwa hajawahi kuniona nikila. Mimi nami sikuwahi kumwona akitafuna hata karanga. Nilikaa na binti yake miaka kumi na ushei, tukapata mtoto mmoja wa kike, na mwisho tukamzika huyo binti yake, mimi nimesimama upande mmoja wa kaburi na yeye upande mwingine. Katika muda wote huo sikufungua kinywa kwa chakula mbele ya macho yake.

Kwetu sisi watu wa asili ya Kasai, hata sisi ambao babu zetu waliletwa Katanga kwa kazi ya mgodi na hatuna tena mtu wa kutupokea kule tulikotoka, hiyo ndiyo heshima. Mwanaume na mama wa mke wake hawali wakionana. Unaweza kumbebea mzigo, kumpeleka hospitali, kumnunulia dawa, kumsalimia huku umeinamisha kichwa. Lakini sahani ikitoka, mmoja wenu anaondoka.

Nalieleza hili mapema, maana bila hilo mtu hataelewa kwa nini Jumamosi moja, katika nyumba ya chai ya hapa Likasi, mwanaume mzima mwenye kibanda sokoni alisimama katikati ya wateja ameshika kikombe kama mtu aliyekamatwa nacho.

Mke wangu alifariki mvua zilipoanza. Kilio kilipokwisha, mama mkwe alirudi kwake Kapolowe, kwenye shamba la mahindi aliloachiwa na mumewe, akamchukua binti yetu akae naye "mpaka tutaona." Sikupinga. Natoka nyumbani kabla ya jua, narudi na giza. Ningemwacha na nani? Na kuta? Ila "mpaka tutaona" ikameza likizo moja, ikameza na ya pili, na siku moja nikasikia mtoto ameandikishwa shule ya hukohuko.

Jumapili nilikuwa nikipanda teksi-basi kwenda kumwona. Mtoto ananionyesha daftari zake, tunacheka, halafu bukari, ugali wetu, inaiva. Hapo bibi yake anaingia ndani na sahani yake, mimi nabaki uani na yangu. Mtoto anabaki mlangoni. Anakata tonge kwangu, analimeza, anakimbia kukata jingine kwa bibi, anarudi. Hakuna aliyemfundisha. Nadhani aliona kuwa akikaa upande mmoja, upande wa pili utakula peke yake. Jumapili moja alilala palepale kwenye kizingiti, tonge mkononi, kichwa upande wa bibi na miguu upande wangu.

Tangu siku hiyo nilitaka mtoto arudi Likasi. Na ili arudi, ilibidi bibi yake aje naye, maana mimi na soko langu hatuwezi kulea mtoto wa darasa la pili. Nilimwomba mama mkwe mara mbili. Mara zote mbili jibu lilikuwa lilelile, na lilitolewa bila ukali, akiniita bukwe, yaani mkwe:

"Minye nitakuja mu nyumba yako, bukwe. Weye utakulia wapi?"

Nyumba yangu ni chumba cha kulala, sebule, na jiko la mbabula, la makaa, chini ya bati. Nilimwambia nitakula sokoni. Akaniuliza mtoto ataniona wapi nikila, sokoni? Nimezoea kupatana bei na watu wanaodanganya. Mtu anayesema kweli sina mbinu naye.

Desturi hiyo ina mlango wake wa kutokea, nisije nikaonekana nailaumu. Mkwe akileta mbuzi, mama wa mke anaipika, na binti, yaani mke mwenyewe, anabeba sahani kwa mikono yake na kuiweka kati ya mume wake na mama yake. Wakishakula hapo, wamefunguliwa maisha yote. Mimi nilipeleka mbuzi. Mama mkwe alitoka nje, akaizunguka upande wa kulia, akaizunguka upande wa kushoto, akasema, "Iyi iko mbuzi ao iko kiti?" Niliirudisha. Ya pili ilikuwa nene, ila ilifika ikichechemea kwa sababu ya safari. "Iyi inataka dokta, haitaki sufuria." Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Alisema, tumwache mama ajivune kidogo, ya tatu tutaipeleka mvua zikikwisha. Kabla mvua hazijakwisha alikuwa amelazwa, na zilipoanza tena tukamzika.

Baada ya maziko wazee wa pande zote mbili waliulizwa. Walisema binti hayupo, sahani haina mbebaji, basi mlango umefungwa. Walisema kwa huruma, lakini walisema.

Sasa hiyo nyumba ya chai. Mimi nauza viungo: tangawizi, mdalasini, iliki, pilipili, na chai ya majani kwa kilo. Kuna mama mmoja aliyekuwa akiimba kwaya na mke wangu pale parokiani, baba yake alikuwa karani wa kiwanda, mama yake wa kabila moja na baba wa lingine, na yeye mwenyewe hakuna kabila linaloweza kumdai. Alifungua baraza la nyumba ya zamani aliyoirithi, akaweka meza sita, akaanza kuuza chai zenye ladha. Mtaani walimcheka. "Sasa chai nayo inapaka parfum, inaenda ku misa?" Lakini walimcheka wakiwa wamekaa mezani kwake, kwa hiyo hakukasirika.

Jumamosi alasiri anafanya kuonja. Anapika chai za aina kadhaa, anazileta moja baada ya nyingine katika vikombe vidogo, na kila mtu anasema anasikia nini ulimini. Viungo vyake vinatoka kwangu, akataka nije nimwambie kama anavipika vizuri. Nilikubali kwa sharti nije na mgeni.

Mgeni alikuwa mama mkwe. Nilifikiri kama muuzaji: mapatano magumu hayafanyiki nyumbani kwa huyu wala kwa yule. Na kulikuwa na kitu kingine nilichojivunia sana njiani. Desturi inasema chakula. Chai si chakula. Chai ni maji yaliyopata rangi. Tungekaa meza moja, tungekunywa, tungezungumza tukiangaliana, na tukimaliza angekuwa ameona kwamba mbingu hazikuanguka. Nililikagua wazo hilo mara mbili, kama ninavyokagua gunia, sikuona tundu.

Walifika na teksi-basi, yeye amevaa kitenge cha kwenda misani, mtoto amesukwa nywele upya. Mwenye nyumba alitupokea kwa furaha.

"Mama, karibu! Papa, karibu! Mukae apa, meza njo iyi."

Alituweka ana kwa ana, mtoto pembeni, akamimina chai ya kwanza mbele ya kila mmoja wetu. Ilikuwa ya tangawizi. Nilishika kikombe changu, nikakiinua. Mama mkwe alivuta ncha ya kitenge chake, akafunika uso.

"Bukwe, unafanya nini?"

"Mama, ni chai tu. Chai haiko chakula."

"Inapita mu kinywa?"

"Inapita."

"Inashuka mu tumbo?"

"Inashuka, Mama."

"Basi. Ao bazazi bako balikufundisha kunywa na masikio?"

Ndipo nikasimama, kikombe mkononi. Meza ya jirani kulikuwa na walimu wawili na kijana mmoja wa ofisini anayepiga picha kila kikombe kabla ya kukinywa. Wote waligeuka kututazama. Mwenye nyumba alikuja mbio na birika.

"Muligombana?"

"Apana," nikamwambia. "Tunaheshimiana."

Aliniangalia, akamwangalia mama mkwe aliyefunikwa kitenge. "Heshima yenu iko nguvu sana," alisema. "Nitaleta meza ya pili."

Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeonyesha namna ya kuiweka. Meza ya pili nyuma ya ya kwanza, kiti changu kikitazama barabara, chake kikitazama ukuta, migongo yetu karibu kugusana. Aliketi, akafunua uso, akashusha pumzi. Kwa sauti ya kawaida kabisa, alisema, "Sasa, sema. Masikio niko nayo."

Kwa hiyo tuliongea hivyo, kila mtu na upande wake wa dunia, huku chai zikija.

Ya tangawizi ilikuwa kali, imepikwa muda mrefu. Niliimeza nikasema tangawizi yangu haihitaji kuteswa hivyo. Nyuma yangu nilimsikia mama mkwe akiuliza sukari iko wapi. Mwenye nyumba alimweleza kwamba mtu huonja kwanza bila sukari, ili asikie ladha.

"Chai bila sukari iko dawa, mwana wangu. Nani ako mugonjwa apa?"

Walimu walicheka. Alipewa sukari.

Nikaanza kupatana. Nilisema nitajenga jiko la pili nyuma ya nyumba. Alisema jiko halina shida, shida ni kinywa. Nikasema nitakula barazani, yeye atakula ndani na mtoto. Alisema baraza langu halina paa, je, mvua ikinyesha nitakula chini ya mwamvuli kama mlinzi? Nikasema nitajenga paa. Ikaja chai ya pili.

Ya pili ilikuwa na mchaichai. Hiyo sikuiuza mimi, mwenye nyumba anaiotesha mwenyewe kando ya bomba. Umeme ulikuwa umekwenda. Tuko karibu na Koni, maporomoko yanazungusha mitambo ya umeme usiku na mchana, na sisi maji ya chai tunachemsha kwa makaa. Basi birika lilitoka jikoni likiwa na moshi kidogo, na ule moshi ukiingia katika mchaichai ulifanya kitu ambacho sikukitegemea. Vikombe vilikuwa vya moto sana. Nikasikia nyuma yangu mtu akipuliza.

Alipuliza mara mbili fupi, akasita, akapuliza ya tatu ndefu.

Sikugeuka. Nilishika meza. Kwa miaka yote niliyokaa na mke wangu, hivyo ndivyo alivyopoza chai yake asubuhi, mbili fupi na moja ndefu, hata kama imeshapoa. Nilikuwa nikimtania kwamba anaizima kama mshumaa. Sikujua ametoa wapi. Ningejuaje? Mtu aliyemfundisha hakuwahi kunywa mbele yangu.

Mwenye nyumba aliniuliza nasikia ladha gani. Nikamwambia ni nzuri. Aliniuliza nzuri namna gani. Nikamwambia aende kwa walimu.

"Bukwe," sauti ilisema nyuma yangu. "Unakunywaka na makelele."

"Mama?"

"Nakusikia. Ssssrrp. Mutoto wangu aliniambiaka, Mama, bwana yangu anakunywaka kama pompi. Minye nilisema anakusingizia."

"Hakunisingizia, Mama."

"Nimesikia."

Ikaja chai ya tatu. Ilikuwa ya mdalasini. Nilijua gunia lilikotoka na aliyeniuzia, na bado sikusikia ladha yoyote.

Hapo ndipo binti yetu, ambaye alikuwa uani akicheza na watoto wa mwenye nyumba, alirudi akiwa na kiu. Alisimama akaziangalia zile meza mbili na ile migongo miwili. Hakushangaa. Hakuuliza. Alikuja upande wangu, akanywa funda kutoka kikombe changu. Akazunguka, akanywa funda kwa bibi yake. Akarudi kwangu. Akaenda tena.

Yule kijana wa ofisini alishusha simu yake. "Eeh, uyu mutoto ako anafanya kazi gani?" alisema akicheka. "Ni facteur wa kupeleka barua?"

Mtoto alimjibu kwa heshima, kama anayejibu mwalimu: "Apana, tonton. Njo namna tunakulaka."

Hiyo ndiyo namna tunavyokula. Alisema hivyo, akafuta mdomo, akarudi kucheza.

Kijana aliacha kucheka. Nilisikia kiti cha mama mkwe kikilia kwenye sakafu, nikadhani anaondoka. Hakuondoka. Alikuwa ameegemea nyuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu mgongo wake uligusa wangu. Nilisikia anavyopumua. Sikujua kama analia, na kwetu hilo nalo si la mkwe kulitazama.

Ikaja ya nne, yenye maganda ya chungwa. Ikapoa mbele yake bila kupulizwa.

"Mbuzi ya kwanza," alisema mwishowe, "haikukuwa mubaya vile."

Ukiwa sokoni na mwenzako ameanza kushuka, usikohoe.

"Nilitaka mutoto wangu arudi tena. Ukichukua mbuzi ya kwanza, bakwe habarudie. Minye nilipendaka munakuja bawili, munakata njia yote ile, mbuzi inalia, yeye anacheka. Nilisema, ya tatu nitachukua."

"Alijua, Mama," nikamwambia. "Alisema tukuache ujivune kidogo."

"Alisema vile?"

"Vile vile."

Kikatoka kicheko kifupi ambacho hakikufika mwisho. Halafu akajipangusa pua, na sauti ikarudi ile ya kukagua mbuzi.

"Bazee banasema sahani haina muntu wa kuibeba. Minye nabauliza: sahani inabebwa na nani? Na muke? Apana. Inabebwa na mutoto ya tumbo yangu. Na mutoto ya mutoto yangu, alitoka mu tumbo gani? Mu ya jirani?"

"Wazee watakataa, Mama."

"Bazee nitabasemesha minye. Weye tafuta mbuzi." Akasita. "Jike. Isikuwe na mukia imekatika. Na isichechemee."

"Na ikichechemea kidogo tu kwa sababu ya njia?"

"Utaibeba ku mabega."

Mwenye nyumba alileta kikombe cha mwisho, akasema hicho hakina ladha yoyote iliyoongezwa, ni majani matupu, ili ulimi urudi nyumbani. Nilimwambia anatuuzia tulichokuja nacho. Tulikinywa polepole, kila mtu na upande wake. Nilijaribu kutopiga kelele. Sikufanikiwa, na nyuma yangu hakuna aliyesema kitu.

Wazee walikataa kwanza. Walisema haijawahi kufanyika. Mama mkwe alikwenda kwao mmoja mmoja na kukaa kwenye vizingiti vyao mpaka walipochoka kumwona. Sijui aliwaambia nini. Mmoja wao alinipigia simu na kusema, basi, fanyeni, lakini mtoto asisaidiwe. Mbebaji hasaidiwi.

Mbuzi ilikuwa jike, nene, mkia mzima. Niliipakia nyuma ya pikapu ya rafiki, nikakaa nayo mpaka Kapolowe nikiishika miguu isije ikaumia. Mama mkwe aliizunguka kulia, akaizunguka kushoto, akarudia tena. Akasema, "Ingiza."

Ilipikwa siku hiyohiyo. Tuliketi kwenye mkeka, yeye huku na mimi kule, kwa mara ya kwanza bila ukuta kati yetu, na wote wawili tuliangalia chini. Mtoto alitoka jikoni na ile sahani kubwa ya bati. Ilikuwa nzito kwake. Iliinama, mchuzi ukamwagika ukingoni, ukamchoma kidogo kidole, akauma mdomo. Niliinuka nusu. Bibi yake naye aliinuka nusu. Tukakumbuka, tukakaa. Yule mtoto alitembea uani kote peke yake, akaiweka kati yetu, akaketi palepale ilipo sahani, kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka.

Mama mkwe alichukua kipande cha kwanza. Kilikuwa cha moto. Akakipuliza, mbili fupi, akasita, moja ndefu. Nikainua macho, maana sasa nilikuwa na ruhusa, na nikaona uso uliokuwa ukifanya hivyo. Ulikuwa uso wa mzee, meno mawili hayapo. Na mashavu yalivimba upande mmoja tu, upande wa kushoto, kama ya yule niliyekuwa nikimtania kila asubuhi. Niliangalia mpaka aliponiona.

"Kula, bukwe," alisema. "Nyama haiko picha."

Nikala. Nilikuwa sioni vizuri nilichoshika.

Shule zilipofunguliwa walikuja Likasi, wote wawili, na magunia mawili ya mahindi, na kuku mmoja aliyenichukia tangu mlangoni. Paa la baraza nilikuwa nimeshalijenga, likabaki bila kazi. Jioni ile ya kwanza bukari iliwekwa katikati ya sebule, na chai baadaye, yenye maganda ya chungwa niliyoyakausha mwenyewe, yenye sukari ya kutosha kuua ladha yote, kama alivyotaka.

Mimi sikuwa naangalia chakula. Nilikuwa namwangalia binti yangu. Alikata tonge, akala, akakata jingine. Katikati aligeuza kichwa mlangoni, kwa mazoea, akaona hakuna mtu huko. Akarudisha macho kwenye sahani.

Mpaka tunamaliza hakuwa ameinuka. Nilikumbuka chakula chote kile toka mwanzo, halafu nikakikumbuka tena, kuhakikisha. Alikula ameketi.